Macho ya Emin Pasha: mambo ya kujua mbele ya kupasuliwa kwa lazeri

Siku hizi kwetu Bunia habari ya lazeri iko mdomoni mwa watu. Mtu aliyevaa miwani mizito tangu shule anasikia kwamba kule Nairobi, ao India, kuna mashine inayotengeneza macho kwa dakika chache tu, na miwani anaitupa. Basi anaanza kukusanya feza: anauza ng'ombe, anangoja zamu yake ya likelemba, anakopa kwa shemeji. Sisi wa sendika wanachama wanatuuliza: niende ao nisiende? Jibu la ndiyo ao hapana peke yake halimsaidii mtu. Kinachomsaidia ni kujua kwanza jicho lake lina ugonjwa gani.

Kwa sababu hiyo nimeona heri nieleze maisha ya mtu mmoja anayejulikana, aliyekufa zamani, tena aliyepita hapa hapa Ituri na macho mabovu. Ni Emin Pasha. Lazeri haikuwako wakati wake. Lakini alikuwa na magonjwa mawili ya macho, na ndiyo yale yale mawili ambayo watu wetu wanayachanganya leo. Kuchanganya huko kunakula feza ya mtu, na mara nyingine kunakula macho yenyewe.

Mtoto wa Oppeln

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Opole, lakini wakati ule ulikuwa wa ufalme wa Prussia. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, naye aliitwa Eduard Schnitzer. Familia ilihamia mji wa Neisse, na huko baba yake alikufa mwaka 1845. Mama aliolewa tena, safari hii na Mkristo, na mtoto akabatizwa katika kanisa la Kiluteri.

Kijana alisomea udaktari Breslau, Königsberg na Berlin, akamaliza mwaka 1864. Berlin ya miaka ile ilikuwa na munganga wa macho aliyesifiwa Ulaya nzima, Albrecht von Graefe. Shika hilo, ndugu msomaji, kwa maana tutalirudia. Wakati Emin anatoka shule, kupasua jicho hakukuwa jambo la uchawi tena. Waganga walijua kutoa mtoto wa jicho kwa kisu, na watu wengi walipona.

Schnitzer hakupata ruhusa ya serikali ya kufanya kazi ya udaktari kwao. Akaondoka, akaenda katika dola ya Waturuki, kwenye bandari ya Antivari, ambayo leo ni mji wa Bar katika Montenegro. Akawa munganga wa karantini. Alikuwa na kipaji cha lugha: alijifunza Kituruki, Kiarabu na nyingine nyingi, juu ya Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Baadaye akamtumikia gavana mmoja Mturuki. Gavana alipokufa, Schnitzer alirudi Neisse kwa muda, kisha mwaka 1875 akaondoka ghafula kwenda Misri, na mwisho wa mwaka ule akafika Khartoum, Sudani. Sasa hakuitwa tena Schnitzer. Alikuwa Mehmed Emin. Jina Emin linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwaminifu, na sisi wasema Kiswahili tunalisikia wenyewe katika neno amini.

Gavana mwenye miwani

Mwaka 1876 Gordon, Mwingereza aliyekuwa akitawala kusini ya Sudani kwa niaba ya Misri, alimwita Emin awe munganga mkuu wa jimbo la Ekwatoria. Alifika Lado, kando ya mto Nile. Alitumwa kwa Mutesa wa Buganda na kwa Kabalega wa Bunyoro, na watu wakaona kwamba mtu huyu mwembamba, mpole, mwenye ndevu na miwani, anajua kusema na wafalme. Mwaka 1878 alifanywa gavana wa Ekwatoria yote.

Tusimpambe kupita kiasi. Jimbo lile liliishi kwa pembe za tembo, na kwa nafaka na ng'ombe walizochukua askari kwa wananchi. Lakini mtu mwenyewe alipenda kazi na utaratibu. Alitibu wagonjwa, alipanda mboga na pamba, aliandika hali ya hewa kila siku, na alikusanya wanyama, mimea na hasa ndege, akavituma kwa wataalamu wa Ulaya. Kuna shomoro mmoja mdogo wa rangi ya kahawia anayepatikana Afrika Mashariki ambaye mpaka leo, katika majina ya kitaalamu, anaitwa kwa jina la Emin Bey.

Hapa ndipo macho yanaingia. Emin alikuwa na miopi kali. Mtu aliye mbali alimwona kama ukungu tu. Lakini ndege akimshika mkononi, ao karatasi akiileta sentimita chache kutoka usoni, aliona vizuri sana. Ndiyo maana aliweza kupima mdomo na bawa la ndege mdogo, na kuandika kwa herufi ndogo ndogo zilizonyooka.

Miopi ni nini? Jicho ni kama chumba. Mbele kuna dirisha angavu linaloitwa konea. Nyuma ya dirisha kuna lenzi. Na mwisho kabisa kuna ukuta wa nyuma unaoitwa retina, mahali picha inapoangukia. Kwa mtu mwenye miopi, chumba kimekuwa kirefu kupita kiasi, ao dirisha limejikunja sana, na kwa hiyo picha inaanguka mbele ya ukuta. Hilo halitokani na uchafu wala na jicho kuoza. Ni kipimo tu ambacho hakilingani. Miwani inasogeza picha mpaka kwenye ukuta, na mambo yanakwisha.

Lazeri ambayo watu wanaisema leo inafanya kazi ile ile ya miwani, kwa njia nyingine. Inachonga konea, lile dirisha la mbele, ili picha ifike mahali pake. Haigusi lenzi. Haigusi retina. Haifupishi chumba kilichorefuka. Jambo hili ni la kwanza, na kwangu ni la kwanza kuliko yote: lazeri inachonga dirisha tu. Kama ugonjwa wako hauko dirishani, lazeri hiyo si dawa yako.

Kufungiwa njia

Mwaka 1881 Mahdi aliinuka huko Sudani. Januari 1885 Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Emin alibaki amekatwa, bila barua, bila risasi mpya, bila nguo. Alirudi nyuma kuelekea kusini, akafanya makao Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Ziwa letu hili.

Ulaya waliposikia kwamba bado yuko hai, walikusanya feza, wakamtuma Stanley aende kumwokoa. Stanley hakupita njia fupi ya pwani ya mashariki. Alipita kwa mto Congo, na tangu Juni 1887 aliingia katika msitu wa Ituri kutoka Yambuya. Wapagazi wake, wengi wao watu wa Zanzibari, walikufa kwa njaa, kwa mishale na kwa vidonda. Majina yao hayamo katika majina ya barabara. Vijiji vya msituni navyo viliporwa chakula. Tunapotaja safari ile, tuwataje na wao.

Stanley na Emin walionana kando ya Ziwa Albert usiku wa tarehe 29 Aprili 1888. Emin alifika kwa mashua yake ya moshi. Kumbe aliyekuja kuokolewa alikuwa amevaa safi, na waokoaji ndio walikuwa na matambara na njaa. Emin aliwapa chakula na nguo.

Wazungu wa Stanley waliomwona karibu waliandika juu ya macho yake. Miongoni mwao alikuwako munganga, Parke. Jambo jipya lilikuwa limeingia: juu ya miopi, sasa mtoto wa jicho alikuwa anakua katika macho yake yote mawili. Emin hakuwa mzee. Alikuwa na miaka 48 tu. Lakini miopi kali huleta mtoto wa jicho mapema kuliko kawaida, na waganga wa macho wanalijua hilo vizuri.

Mtoto wa jicho, ambao hospitalini kwetu unaitwa katarakte, ni ugonjwa wa lenzi. Lenzi inayopaswa kuwa safi kama maji inageuka kuwa kama maji ya ugali. Miwani haisaidii tena, kwa sababu shida si kipimo. Mwanga wenyewe haupiti. Na lazeri ya kuchonga konea haisaidii pia. Mtu akichongwa dirisha wakati pazia la ndani limechafuka, ametupa feza yake. Dawa ya mtoto wa jicho ni kutoa lenzi iliyochafuka. Siku za Emin waliitoa, kisha mgonjwa akavaa miwani minene maisha yake yote. Lenzi ya bandia ya kuweka ndani ya jicho ilianza mwaka 1949 tu, London, kwa mkono wa munganga Harold Ridley. Leo operesheni hiyo inafanywa hata Afrika, na mara nyingi haihitaji lazeri hata kidogo.

Basi ukisikia mzee wa miaka 60 anakusanya feza kwenda kuchonga macho kwa lazeri, muulize kwanza kama amepimwa lenzi. Huenda anachohitaji ni operesheni ya katarakte, iliyo tofauti kabisa.

Karatasi ambayo askari hawakuiamini

Agosti 1888, huko Dufile, askari wa Emin mwenyewe walimkamata pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley. Waliletewa barua iliyosema waondoke na Stanley, nao hawakuiamini. Walitaka kujua wanapelekwa wapi, kwa njia ipi, na watafanywa nini huko. Hakuna aliyewajibu jibu la kueleweka.

Mimi mtu wa sendika siwezi kuwacheka askari wale kwa swali lao. Kuuliza unapelekwa wapi mbele ya kukubali ni haki ya kila mtu. Na kwa jicho ni vile vile. Mbele ya operesheni utapewa karatasi ya kutia sahihi. Katika karatasi hiyo imeandikwa unachofanyiwa na hatari zake. Usitie sahihi siku ile ile ukiwa umelala tayari kitandani. Omba uipewe mapema, uisome, ama usomewe kwa lugha unayoijua. Kama ni ya Kiingereza na wewe husomi Kiingereza, tafuta mtu. Sisi katika machimbo tumeona watu wangapi waliotia kidole katika mkataba wasioujua?

Dirisha la Bagamoyo

Mwisho Emin aliachiliwa. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara mzima uliondoka kwa chifu Kavalli, juu ya ziwa, upande wetu huu, kuelekea pwani. Walikuwa mamia kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto wa Ekwatoria, na wengi hawakufika. Emin alikuwa pamoja na binti yake mdogo Ferida, ambaye mama yake, Mhabeshi, alikuwa amekwisha kufa.

Tarehe 4 Desemba 1889 walifika Bagamoyo. Wajerumani waliwafanyia karamu katika nyumba ya ghorofa. Watu walikula, wakanywa, wakahutubu. Usiku ule Emin alitoka katika chumba kile, akafika kwenye dirisha lililokuwa chini sana, akadhani ni njia ya kutokea barazani. Akaanguka mpaka barabarani. Kichwa kilipasuka, damu ikatoka sikioni, wakadhani atakufa. Alikuwa amevuka misitu, vita na njaa kwa miaka 13, kisha akaangushwa na dirisha la nyumba ya rafiki, kwa sababu macho hayakumwonyesha pembe ya ukuta.

Alilala hospitalini Bagamoyo kwa majuma mengi, akapona. Na hapa ndipo pa kusimama kidogo. Emin sasa alikuwa pwani, meli zilikuwako. Yeye mwenyewe alikuwa daktari. Ulaya waganga walikuwa wakitoa mtoto wa jicho kila siku, na tangu mwaka 1884 walikuwa na dawa ya matone ya kuua maumivu ya jicho wakati wa kukata. Alikuwa na miaka 49. Angeweza kwenda. Hakwenda. Aliingia katika kazi ya serikali ya Ujerumani, na tarehe 26 Aprili 1890 aliondoka tena Bagamoyo kwenda bara, kazi mbele, macho nyuma.

Wengi wetu tunamfuata katika jambo hili bila kumjua. Mchimbaji anasema atapimwa macho akimaliza shimo hili. Fundi wa kuchomea vyuma anasema atapimwa mwezi ujao. Jicho halingoji.

Undussuma

Emin alipita Tabora, akaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, kisha akaendelea kaskazini ingawa wakubwa wake walimtaka arudi. Alitumaini kuwapata askari wake wa zamani waliobaki karibu na Ziwa Albert, awaongoze tena. Mwaka 1891 alifika Undussuma, nchi ya chifu Mazamboni, si mbali na mahali ambapo leo pana Bunia. Askari wengi hawakumfuata. Wengi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na Lugard kwenda kuwatumikia Waingereza upande wa Uganda.

Kisha ndui ikaingia katika kambi. Na macho ya Emin yalikuwa yamekaribia kuzimika. Mtu aliyepima mabawa ya ndege sasa alihangaika hata kusoma. Desemba 1891 aliamua jambo moja ambalo, kwa mawazo yangu, ndilo kubwa kuliko yote katika maisha yake. Alimwamuru mwenzake, daktari Stuhlmann, awachukue watu wazima wa afya, awarudishe kuelekea Bukoba. Yeye mwenyewe alibaki na wagonjwa wa ndui, hapa Ituri, karibu kipofu.

Machi 1892 aliondoka na waliobaki, akaingia msitu kuelekea magharibi, akitegemea wafanyabiashara wa Kimanyema kumwongoza. Mtu asiyeona hutembea kwa macho ya wengine, na hachagui tena macho ya nani. Wakati ule vita vilikuwa vimewaka kati ya serikali ya Leopold na Waarabu na Waswahili wa Congo. Tarehe 23 Oktoba 1892, katika kijiji cha Kinena, upande wa Lualaba, Emin aliuawa kwa amri ya chifu Kibonge, akiwa ameketi mezani na makaratasi yake. Alikuwa na miaka 52. Binti yake Ferida, aliyeachwa pwani, alipelekwa Ujerumani kulelewa na ndugu za baba yake.

Mambo ya kujua wewe unayekwenda

Sasa turudi kwetu. Leo mtu mwenye macho ya Emin angefanya nini? Kwanza angepimwa jicho lote, si konea tu: namba ya miwani, unene na umbo la konea, presha ya jicho, lenzi, na retina kwa matone ya kupanua mboni. Watu weusi tunashikwa sana na glokoma, ugonjwa wa presha ya jicho unaoiba macho polepole bila maumivu, na huko Ituri kwetu kuna sehemu zenye upofu wa mtoni unaoletwa na nzi weusi wadogo wa mito. Magonjwa hayo lazeri ya kuchonga konea haiyaponyi. Mahali ambapo wanataka kukukata siku ile ile umefika, bila vipimo vyote hivyo, toka.

Pili, umri. Chini ya miaka 18 bado. Na hata ukiupita, namba ya miwani lazima iwe imetulia angalau mwaka mmoja. Kama kila mwaka unabadilisha miwani, ngoja. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha naye angoje, kwa maana namba inaweza kubadilika katika wakati huo. Mwenye kisukari kisichotulia, ao mwenye macho makavu sana, amwambie munganga bila kuficha.

Tatu, unene wa konea. Konea ina kama nusu ya milimita tu. Lazeri inapunguza humo, na kinachobaki lazima kitoshe. Ndiyo maana miopi kali sana mara nyingi inakataliwa. Waganga wengi hawataki kupita namba ya kutoa 10 hivi. Kuna pia ugonjwa ambao konea inachomoza kama koni. Unawapata vijana, hasa wale wanaosugua macho sana kwa mwasho tangu utoto. Ukichongwa na lazeri ukiwa nao, jicho linaharibika zaidi. Ukiambiwa hufai, usikasirike na usitafute mwingine atakayekubali. Yule aliyekukatalia amekulinda.

Nne, uliza ni njia gani. Kuna ile ya LASIK, ambapo konea inafunguliwa kama kifuniko, inachongwa ndani, kisha inafunikwa. Mtu anaona upesi, pengine kesho yake. Kuna nyingine ambapo ngozi ya juu inaondolewa na konea inachongwa kwa juu. Hiyo inauma siku kadhaa na macho yanachelewa kutulia. Lakini kwa mtu anayepigwa usoni kwa kazi yake, mvunja mawe, askari, mpiga ngumi, kifuniko kinaweza kusogea siku akigongwa. Kwa hiyo mweleze munganga kazi yako halisi. Usiseme wewe ni mfanyabiashara kama unashinda shimoni.

Tano, ujue ambacho lazeri haikuahidi. Baada ya miaka 40 hivi, macho ya kila mtu yanachoka kusoma karibu, na aliyechongwa atahitaji miwani ya kusomea kama wengine. Wengine wanabaki na macho makavu kwa miezi, ao wanaona taa za usiku zikiwa na duara la mwanga. Wengine bado wanahitaji miwani kidogo. Na aliyekuwa na miopi kali, retina yake inabaki nyembamba vile vile. Ukiona cheche za mwanga, madoa mengi meusi ya ghafula ao pazia linashuka upande mmoja, kimbia hospitali siku ile ile, hata kama ulichongwa miaka kumi iliyopita.

Sita, hesabu siku za baadaye katika feza yako. Operesheni ni dakika. Uangalizi ni miezi. Kuna matone ya kuweka kwa saa, kuna kurudi kuonwa kesho yake, juma lijalo, mwezi ujao. Ukirudi Bunia mara moja, nani atakuangalia? Panga hilo mbele ya kupanda ndege. Usisugue macho. Usirudi kwenye vumbi la machimbo mpaka munganga akuruhusu. Na usiache kuvaa miwani ya kukinga kazini: aliyevaa miwani ya namba alikuwa na kinga kidogo bila kujua, na akiitupa, kipande cha jiwe kinapata njia wazi. Kama unavaa lenzi za kubandika machoni, uliza mapema uzivue siku ngapi mbele ya vipimo, kwa sababu zinabadilisha umbo la konea na kudanganya mashine.

Saba, karatasi. Omba nakala ya vipimo vyako vya mbele ya operesheni, uitunze kama unavyotunza hati ya kiwanja. Siku moja, ukizeeka, mtoto wa jicho utakuja kama ulivyomjia Emin. Munganga atakayekuwekea lenzi ya bandia atahitaji kujua konea yako ilikuwaje mbele ya kuchongwa. Asipojua, anaweza kukosea namba ya lenzi. Vitabu vya Emin, alivyoviandika kwa macho yale mabovu, viliokotwa baada ya kifo chake na kuchapwa Ujerumani, na kwa hivyo tunajua maisha yake. Karatasi zako hazihitaji kungoja kuokotwa na mtu. Ziweke mahali ambapo mke, mume ao mtoto wako anajua.